Mwaka, Kiasi, na Nani

Metro Baziuk alikuwa ameketi jikoni kwa Stefa Hrynkiw akiwa na soksi tu miguuni, na soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Viatu vyake vya ngozi nzuri vilibaki juu ya gazeti karibu na mlango, vikichuruzika theluji chafu ya Machi. Stefa alikiona kidole kile. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaivuta bahasha hadi upande wake wa meza.

"Watu ni wengi mwaka huu?" Metro aliuliza.

"Wanatosha."

"Mimi nilimwambia Nettie, Bi Stefa atakuwa na kazi hadi shingoni. Akasema nenda tu. Unamjua Nettie akishasema nenda."

"Namjua."

"Mhasibu wangu wa Brandon kapata kiharusi, masikini. Wengine siwaamini. Na hapa Dauphin..." Metro alikilainisha kitambaa cha plastiki cha mezani kwa kiganja, ingawa hakikuwa na kunyanzi. "Hapa ukikohoa upande huu wa reli, upande wa pili wanakuletea dawa."

Stefa akavaa miwani. Hakuwa na cheti cha uhasibu. Alikuwa na penseli nyekundu, mashine ya kujumlisha iliyokwaruzika vitufe, na miaka kumi na mmoja ya kuwajazia majirani fomu zao za kodi kwenye meza hii, tangu Februari hadi Aprili. Hakutoza pesa. Watu walileta walicho nacho: chupa ya matango ya siki, asali, mfuko wa pirohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, za kuweka kwenye friza. Kulikuwa na mjane mmoja asiyejua kupika wala kutengeneza chochote. Yeye alimwondolea theluji mlangoni majira yote ya baridi, alfajiri, akidhani Stefa hajui ni nani.

Akafungua barua. Ofisi ya kodi iliandika kwa adabu, kama inavyoandika siku zote, hata pale inapomshika mtu kooni. Iliandikwa Novemba. Metro alikuwa ameikalia miezi minne.

Alisoma mara moja tu, akaelewa. Kila mtu anayefanya kazi hupewa kikomo cha pesa anazoweza kuweka kwenye akiba ya uzeeni bila kutozwa kodi. Ukizidisha kidogo, dola elfu mbili, wanafumba macho. Ukizidisha zaidi ya hapo, kila mwezi wanakukata asilimia moja ya hiyo ziada, mpaka uitoe. Metro alikuwa amejaza kikomo chake chote. Kisha, Februari ya mwaka uliopita, akaenda akaweka dola elfu ishirini na sita nyingine kwa jina la mkewe, akidhani zinakula nafasi ya mkewe. Kumbe nafasi inayoliwa ni ya anayeweka, si ya anayewekewa.

Stefa alikuwa ameliona kosa hilo mara nne. Mara zote nne lilifanywa na mume aliyekwenda benki peke yake, siku ya mwisho kabisa, foleni imefika mlangoni, na hakumwuliza mtu.

"Si kitu kikubwa, eti?" Metro alisema. "Unajaza fomu, unapeleka pamoja na ritani ya kodi ya mwaka. Mwisho wa Aprili. Tuna muda."

Penseli ya Stefa ilisimama. Fomu ya pesa za ziada haingoji Aprili. Ina siku yake yenyewe, siku ya tisini ya mwaka, na mwaka huu siku ya tisini ilikuwa Jumatatu, tarehe thelathini na moja Machi. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa. Alifungua mdomo aseme. Kisha akakiona tena kidole kile kikitikisika kwa raha ndani ya tundu lake, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Niachie karatasi," alisema.

Metro akavaa viatu. Mlangoni aligeuka. "Nettie alisema nikuletee kitu. Nimesahau garini." Akaenda, na gari likaondoka, na hicho kitu hakikuletwa.

*

Wahenga husema aliye juu mngoje chini. Stefa alikuwa amengoja miaka kumi na mmoja.

Alikuwa karani wa kiwanda cha siagi, na Metro alikuwa meneja. Kila wiki mbili Stefa aliwalipa wakulima pesa za krimu, na katika miaka ishirini na saba hakuna mkulima aliyewahi kurudi dirishani akisema amepunjwa. Kisha kipupwe kimoja hesabu zikaonyesha upungufu wa dola elfu tatu na mia moja. Wajumbe wa bodi wakamwita Metro wakamwuliza. Metro hakusema Stefa ameiba. Alisema, "Funguo anazo Stefa," akanyamaza, na ukimya ukamalizia.

Walimwachisha kazi ikiwa imebaki miaka miwili apate pensheni yake kamili. Kanisani, Jumapili iliyofuata, familia iliyokuwa ikikaa mbele yake ikahamia upande wa madirisha. Waliokaa nyuma yake wakagundua kwamba kule mbele wanasikia vizuri zaidi. Stefa na mumewe Slavko walibaki na benchi zima kama watu wenye ndui. Kisha Nettie, mke wa Metro mwenyewe, akatoka alipokuwa ameketi na mumewe, akapita katikati ya kanisa lote na mkoba wake mkononi, akaja kuketi karibu na Stefa. Alifanya hivyo Jumapili ile, na ile nyingine, na zote hadi leo.

Si pensheni iliyomuuma Stefa zaidi. Slavko alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kumtilia shaka mbele ya watu. Lakini siku moja, wakimenya viazi, alisema bila kuinua uso: "Stefa, kama ulichukua, niambie tu. Sitakasirika."

Sitakasirika. Angempiga ingekuwa nafuu. Stefa alimwambia hakuchukua, na Slavko akaitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kingine, na Stefa hakujua kamwe kile kichwa kiliitikia kwa kuamini au kwa kusamehe. Moyo wa Slavko ulisimama miaka miwili baadaye, akiwa amevaa buti moja.

Miezi minne baada ya maziko, msichana aliyechukua kiti cha Stefa kiwandani alikuja na karatasi ndani ya gazeti. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa daftari. Malipo yaleyale yaliandikwa mara mbili, kwa mkono wa Metro, na zile tarakimu zake za saba zenye kistari katikati. Pesa hazikuwa zimepotea, hazikuwahi kupungua. Na chini, kwa tarehe ya miezi sita tu baada ya Stefa kufukuzwa, mkono uleule uliandika: *imerekebishwa*. Alijua. Alirekebisha, akanyamaza.

Stefa alimpelekea karatasi ile ofisini. Metro aliitazama kama mtu anayetazama saa. "Hesabu za mwaka ule zimefungwa, Bi Stefa," alisema.

Na kila mwaka tangu afukuzwe, Jumapili ya kuombana msamaha kabla ya Kwaresima, kanisa zima lilisimama mistari miwili, na kila mtu akainama mbele ya kila mtu. Metro naye aliinama mbele ya Stefa. "Nisamehe kwa lolote nililokukosea." Na Stefa, kama desturi inavyodai, aliinama akajibu, "Mungu anasamehe." Mara kumi na moja alijibu hivyo. Mara zote kumi na moja alishukuru kwamba desturi haikumtaka aseme *nami nasamehe*.

*

Jumamosi wanawake walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kutengeneza pirohi za kuuza. Meza ndefu, unga kila mahali, sufuria zinatokota. Nettie aliketi karibu na Stefa kama kawaida. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na vivuli tu, lakini vidole vyake vilifumba kingo za unga haraka kuliko vya mtu yeyote, na pirohi zake hazikuwahi kupasuka majini.

"Alikuja?" aliuliza Nettie.

"Alikuja."

"Alileta ile mikate ya mbegu?"

"Aliisahau garini."

"Aliila," alisema Nettie. "Nilinusa kwenye koti." Akafumba mbili zaidi. "Stefka, usimrahisishie."

Stefa alimgeukia. "Nisimrahisishie nini?"

"Sijui. Kitu chochote. Miaka arobaini na minne naishi naye, sijamsikia akisema samahani yenye anwani. Huitupa tu hewani kama mtu anayelisha kuku."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Stefa hakucheka. Kijiko cha viazi kilikaa hewani mkononi mwake.

Tangu Jumatano alikuwa akiinywa siri ile ya siku ya tisini kama mtu anayekunywa kitu kitamu peke yake. Alikuwa amekwisha kuhesabu: Metro akipitwa na tarehe, angetozwa dola mia na ushei juu ya zile alizokuwa akidaiwa. Na baada ya hapo? Angelipa, angenung'unika juu ya serikali, angesahau. Stefa aliona ghafla jinsi kisasi kile kilivyokuwa chembamba. Hakutaka pesa za Metro. Alitaka mdomo wake.

Na fomu ya ziada, ukitaka adhabu ifutwe, inakuja na barua. Stefa alikuwa ameziandika nne. Ofisi ya kodi haipokei *nisamehe kwa lolote nililokukosea*. Inataka mwaka. Inataka kiasi. Inataka nani.

*

Jumatatu alimwita kwa simu. Metro alikuja kabla ya saa sita mchana, akavua viatu, na safari hii soksi zilikuwa nzima.

"Tarehe ya mwisho si Aprili," Stefa alisema kabla hajaketi. "Ni Jumatatu ijayo."

Uso wa Metro ulibadilika rangi. "Ulijua Jumatano?"

"Nilijua."

"Na ukakaa kimya?"

"Siku tano tu," alisema Stefa. "Keti."

Alimweleza kwa upole, kama alivyomweleza kila mtu. Ziada inayotozwa ni elfu ishirini na nne. Miezi kumi na moja ya mwaka jana. Dola elfu mbili na mia sita na arobaini, na saa bado inatembea mpaka pesa zitolewe. Kuzitoa kunahitaji sahihi ya Nettie, kwa kuwa akaunti ina jina lake. Kisha kuna barua, ya kuomba wasitoze. Wanaweza kukubali, wakiona kosa ni la bahati mbaya na mkosaji amelieleza bila kukwepa.

"Niandikie basi, nitie sahihi."

"Unaandika wewe." Akamsukumia karatasi na kalamu.

Metro aliandika muda mrefu, akipumua kwa pua. Stefa alisoma. *Kutokana na hitilafu iliyotokea benki...* Penseli nyekundu ikapita juu ya mstari.

"Hitilafu gani?"

"Yule msichana wa dirishani. Hakuniambia kitu."

"Alikupa karatasi utie sahihi?"

"Alinipa."

"Ilisema nini?"

Metro alitazama dirishani. "Kwamba nimehakikisha nafasi yangu."

"Ulihakikisha?"

Stefa alimfikiria yule msichana, ambaye hakumjua hata jina, amesimama nyuma ya kioo siku ile ya foleni, na jinsi angeshtuka kusikia kwamba jikoni fulani mjini jina lake lilikuwa likipakwa matope na mzee mwenye soksi safi. Alihisi hasira yake ikipata joto jipya. Mzee huyu hakuwa amejifunza hata herufi moja. Daima kulikuwa na mwanamke dirishani.

"Andika tena," alisema.

Rasimu ya pili ilisema *makosa yalifanyika*. Penseli. "Yalijifanya yenyewe?" Rasimu ya tatu ilisema *tulikosea*. Penseli. "Nani na nani?"

"Wewe mwanamke ni mkali kuliko kodi yenyewe."

"Kodi watakusoma mara moja. Mimi nakusoma bure mpaka upate."

Rasimu ya nne iliandikwa polepole, na herufi zake zilikuwa kubwa kama za mtoto. *Februari mwaka jana niliweka dola 26,000 kwa jina la mke wangu. Niliamini nafasi ni yake. Sikuuliza. Mke wangu anapoteza macho, na mimi nina miaka sitini na tisa, nilitaka asibaki bila kitu nikitangulia. Kosa ni langu. Hakuna mwingine aliyekosea.*

Stefa aliisoma mara mbili. Pale penye macho ya mkewe alihisi kitu kikilegea kifuani, akakiweka kando kama mtu anavyoweka kando mfuniko wa moto, kwa haraka, asiungue.

"Hii ni nzuri," alisema. Akavuta karatasi nyingine nyeupe, akamwekea mbele. "Sasa nyingine. Umbo lilelile. Mwaka, kiasi, nani."

Metro aliitazama karatasi. Alielewa, Stefa aliona jinsi alivyoelewa, kwa namna kope zake zilivyoshuka.

"Hayo ni ya zamani, Bi Stefa. Kiwanda kimeuzwa. Hata bodi yenyewe nusu wamekufa."

"Ndiyo."

"Basi niandike kwa nani?"

"Kwa Slavko."

"Slavko amekufa."

"Najua. Nilimvalisha mimi."

Metro akainuka. Meza ikatikisika. "Huu ni unyang'anyi," alisema. "Nimekuja na shida ya kodi, unanidai mambo ya maiti."

"Karatasi zako hizo hapo. Zichukue. Brandon wahasibu wamejaa, watakuandikia kwa mashine, hawatakuuliza kitu. Kukuzuia siwezi." Sauti yake haikupanda. "Lakini hapa kwangu, kazi hailipwi pesa. Kila mtu huleta alicho nacho. Wewe una hicho."

Metro aliziacha karatasi. Alitoka kamba za viatu zikiburuta, na Stefa alimwona kupitia dirishani akiteleza kwenye barafu, akijishika kwenye gari lake mwenyewe kama anayelikumbatia.

*

Jumanne haikuja simu, wala Jumatano. Stefa aliwajazia wengine fomu zao. Alijumlisha, akapiga chapa, akapokea yai la bata, akapokea soseji. Fomu ya Metro ilikaa pembeni imekamilika, ikikosa sahihi mbili. Alhamisi aliifikiria kwa furaha. Ijumaa aliifikiria kwa furaha pungufu. Jumapili kanisani Metro hakuonekana, na Nettie aliketi karibu na Stefa kama kawaida, akimnong'oneza katikati ya zaburi: "Ananizungukia na karatasi ya benki nitie sahihi. Nimemwambia nitatia sahihi Stefa akiniambia nitie."

"Alisemaje?"

"Alikwenda kulala kwenye kochi."

"Nettie, hujui ninachomdai."

"Sijui," alisema Nettie. "Lakini miaka yote hii nimekaa hapa kwenye benchi lako. Sikukaa kwa kuwa nilijua. Imba, padri anatutazama."

Jumatatu saa nane mchana gari likasimama nje. Metro alimshika mkewe mkono kwenye ngazi, ngazi moja moja, akimwambia wapi kuna barafu, na Stefa akaona kwamba alifanya hivyo vizuri, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Hakupenda kuliona hilo siku ile. Aliliona hata hivyo. Alimvua Nettie buti mwenyewe, akamwekea chai.

Metro alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Stefa alinyoosha mkono, lakini Nettie akasema:

"Mimi sisomi siku hizi. Isome kwa sauti, Metro."

"Ni yake, si yako."

"Nina masikio. Soma."

Metro alimtazama Stefa, na macho yake yaliomba. Hapo ndipo Stefa alipoelewa kwamba Nettie hakuwahi kuambiwa. Zile Jumapili zote, alikaa pale bila kujua lolote. Kisasi alichokitaka kilikuwa kimepikwa kwa watu wawili, na sasa mtu wa tatu ameketi mezani na sahani yake. Angeweza kusema, nipe, nitaisoma mwenyewe. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Soma," alisema.

Metro alisoma. Sauti yake ilikuwa ile ya mikutano ya bodi kwa sentensi mbili za kwanza, kisha ikawa ya mtu mwingine.

"*Slavko. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mwaka ule wa upungufu wa dola elfu tatu na mia moja, niliandika malipo ya Machi mara mbili. Niliandika mimi. Bodi iliponiuliza nilisema funguo anazo mkeo. Nilijua watakavyoelewa. Mwezi wa tisa niliona kosa langu, nikalirekebisha, sikumwambia mtu. Wewe ulikuwa hai bado. Tulikutana mara nyingi, dukani, kwenye uwanja wa barafu, hukuniuliza na mimi sikusema. Stefa hakuchukua kitu. Kosa ni langu. Hakuna mwingine aliyekosea.*"

Mikono ya Nettie ilikuwa imekizunguka kikombe. Ilikuwa imetulia mno, kama ndege anapotulia mkononi mwa mtu.

"Wewe ulikuwa hai bado," alirudia polepole. Kisha: "Ulinyamaza mara mbili. Na mimi nilikuwa nikikupikia."

"Nettie..."

"Stefka, nitie wapi sahihi?"

Stefa alikishika kidole chake, akakiweka kwenye mstari. Nettie aliandika jina lake lote, refu, likipanda mlima kidogo mwishoni. Metro alitia yake. Stefa alipanga fomu, hundi, barua ya kodi, akalamba bahasha. Ile barua nyingine ilibaki katikati ya meza, na hakuna aliyeigusa.

"Slavko aliwahi kujua?" Nettie aliuliza.

"Hapana."

"Basi hiyo bado haijafika," alisema Nettie, akaanza kupapasa sakafuni kutafuta buti zake.

*

Posta iligonga muhuri wa tarehe saa tisa na dakika arobaini. Kutoka hapo Metro aliendesha, hakuuliza wapi, wakapita silo za nafaka na uwanja wa maonyesho, hadi makaburini. Njia ilikuwa imeondolewa theluji hadi getini tu. Ndani, theluji ya majira yote ya baridi ilikuwa imelala kiunoni, imeshikana kwa juu kama ganda la mkate, na mawe yalionekana vichwa tu, au hayakuonekana kabisa.

"Safu ya tatu," Stefa alisema. "Karibu na uzio."

Metro alitoa beleshi nyuma ya gari. Akaiweka ndani ya koti ile barua aliyoiokota mezani walipotoka, akafunga vifungo, akaingia. Ganda lilimbeba hatua mbili, likamwangusha hadi pajani. Akajitoa. Akaanguka tena. Wanawake wawili walikaa garini, injini ikinguruma, hewa ya joto ikiwapuliza magotini.

Walimsikia akianza kuchimba.

"Amefika?" aliuliza Nettie baada ya muda.

"Bado."

"Yuko wapi?"

Stefa alifuta ukungu kwenye kioo. "Yuko kwa mzee Pidlubny."

"Pidlubny yuko makaburi mawili kabla ya Slavko."

"Ndiyo."

Nettie alifikiri. "Mwache kidogo," alisema.

Walimwacha. Metro alichimba, akitua, akishika kiuno, mvuke ukimtoka mdomoni. Alifika kwenye jiwe. Alipiga magoti, akalifuta kwa glavu, akasogeza uso karibu asome. Kisha akainuka taratibu, akageuka, akalitazama gari kwa mbali, mikono imelegea, beleshi limelala miguuni.

Stefa alishusha kioo. Baridi ikaingia yote. Hakuita. Alitoa mkono nje, akainua vidole viwili, kisha akavielekeza kushoto.

Metro akaokota beleshi, akahesabu hatua zake, akaanza upya.

Nettie naye akapapasa mlangoni, akakipata kitufe, akashusha kioo cha upande wake. Stefa akanyoosha mkono mbele, akazima injini, ili wasikie barua ikisomwa.